Nguo za Bibi Zetu Nazo ni Maandishi

Katika toleo lililopita la gazeti letu, Chama cha Historia kilitoa taarifa ya kazi iliyofanywa na wanafunzi wakati wa likizo. Walikwenda makwao kukusanya kumbukumbu za wazee: barua, vyeti, picha, stakabadhi za kodi, na madaftari. Kazi ilikuwa njema, nami nawapongeza. Makaratasi ya akina babu yamejaza kabati zima. Lakini mwishoni mwa taarifa ile nilisoma neno lililonichoma. Katibu ameandika kwamba kwa upande wa akina bibi hakikupatikana cho chote cha maana, kwa kuwa wanawake wa zamani hawakuacha kumbukumbu. Mimi sikubali. Naona kwamba vijana wetu waliingia katika nyumba zile wakitazama juu ya meza, na kumbe kitabu kilikuwamo sandukuni, kimekunjwa na kutiwa dawa ya nondo.

Najua watakaonicheka. Watasema, sisi wavulana tuna habari gani na nguo za akina mama? Basi nawauliza wanafunzi wa zamani swali moja tu. Ni nani kati yetu aliyetupa tai ya shule? Yangu ninayo mpaka leo. Haifai kuvaliwa, imeliwa na panya upande mmoja, wala haina neno hata moja lililoandikwa juu yake. Hata hivyo nikiishika nakumbuka bweni, kengele ya saa kumi na moja, na uji uliokuwa na ladha ya moshi. Kama tai moja yaweza kumfanyia hivyo mwanamume mzima, kwa nini tudhani kwamba sanduku la bibi lina matambara tu?

Tena jambo hili si la kwetu peke yetu. Uingereza, karne ya kumi na nane, alikuwako mwanamke jina lake Barbara Johnson. Alizaliwa mwaka 1738, binti wa kasisi, na hakuolewa maisha yake yote. Mwaka 1746, alipokuwa mtoto wa miaka minane, alipewa daftari kuukuu la hesabu, lenye kurasa nyingi zisizotumika. Humo kikabandikwa kwa pini kipande cha nguo yake. Nguo nyingine iliposhonwa, kipande kingine kikatiwa. Hakuacha desturi hiyo mpaka mwaka 1823, alipokuwa na umri wa miaka themanini na mitano, na miaka miwili baadaye alifariki. Vipande ni 122. Kando ya kila kimoja ameandika ni nguo ya namna gani, ni yadi ngapi, kila yadi bei gani, na ilikuwa mwaka gani. Daftari hilo limo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London.

Mtu mwenye haraka atasema hii ni hesabu ya dukani. Lakini itazameni tena. Humo mna hariri ya kwendea karamuni, na mna pamba yenye maua ya kuvaa nyumbani asubuhi. Halafu, pasipo kutazamiwa, chatokea kitambaa cheusi, na kando yake imeandikwa ni matanga ya nani. Hakueleza kama alilia au hakulia. Ameandika jina la marehemu na bei ya yadi moja. Hapo mimi husimama kidogo. Naona mwanamke asiyekuwa na mume wala mali nyingi, akifiwa na mtu wake, naye hana budi kuhesabu shilingi ili apate nguo ya heshima ya kumlilia. Ni vitabu vingapi vya historia vilivyowahi kutuonyesha jambo hilo kwa maneno machache kama yale?

Sasa niwape habari ya wa pili, maana yake ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Miaka ya 1970, katika soko la Camden, London, mtu mmoja alinunua kitabu kikubwa kilichokuwa kinauzwa pamoja na takataka nyingine za zamani. Ndani yake vilikuwamo vipande vya nguo zaidi ya elfu mbili, vimekatwa vizuri na kupangwa safu kwa safu, na juu ya kila kimoja jina la mtu, mara nyingine na mwaka. Majina yalikuwa ya wanawake wengi, zaidi ya mia. Lakini mwenye kitabu hakujulikana. Kikakaa hivyo miaka mingi, mpaka mwaka 2016 kilipotiwa mkononi mwa mwanahistoria wa mavazi, Kate Strasdin. Huyu alisoma maelezo yale kimoja kimoja. Jina la Anne Sykes lilikuwamo, lakini limeandikwa kama majina ya wengine, kana kwamba ni la mtu baki. Hatimaye akaona mahali alipojitaja mwenyewe, na fumbo likafumbuka.

Anne alizaliwa Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba, na baba yake alikuwa mwenye kiwanda. Aliolewa na mfanya biashara Adam Sykes mwaka 1838, na kipande cha nguo aliyoolewa nayo kimo kitabuni. Mwaka 1840 wakasafiri kwenda Singapore, wakakaa huko miaka kadhaa. Tangu hapo kitabu chabadilika. Mnatokea nguo ya kwanza aliyoivaa huko ugenini. Wanatokea mashoga wapya, wake wa wafanya biashara wengine, kila mmoja na kipande chake. Mnatokea hata kipande cha bendera nyekundu ya maharamia, iliyotekwa katika vita vya Borneo! Mwanamke huyu hakuandika kitabu cha safari. Waume zao waliandika barua za biashara, na bei za viungo na pamba, na hizo ndizo wanahistoria walizokuwa wakizisoma. Yeye alikata kipande cha nguo ya rafiki yake, akabandika, akaandika jina. Kwa njia hiyo tunajua ni akina nani waliokuwa wakitembeleana, nani alimpa nani zawadi ya nguo, na nani alifika kutoka kwao mwaka gani. Strasdin aliandika habari hizo zote katika kitabu alichokitoa mwaka 2023.

Lakini fikirini jinsi kitabu kile kilivyoponea chupuchupu. Kilikuwa sokoni, pamoja na vyombo vilivyovunjika, na kama mnunuzi angalikuwa mtu mwingine, pengine vipande vile vingalifanywa viraka, na mwanamke yule angalikufa mara ya pili.

Hapa Bwana Katibu aweza kunijibu kwa haki kwamba Barbara na Anne walikuwa watu wenye uwezo. Walijua kusoma na kuandika, walikuwa na karatasi na wino. Je, mwanamke maskini asiyejua herufi? Hili ni swali jema, na jawabu lake liko katika mji ule ule wa London.

Mwaka 1741 ilifunguliwa nyumba iliyoitwa Foundling Hospital. Haikuwa hospitali ya wagonjwa. Ilikuwa nyumba ya kupokea watoto wachanga ambao mama zao hawakuweza kuwalea, na mwanzilishi wake alikuwa nahodha mzee, Thomas Coram. Mama alikuja na mtoto, akamkabidhi, akaenda zake. Jina la mama kwa kawaida halikuulizwa. Mtoto alipewa namba na jina jipya. Sasa, kama siku moja hali ya mama ikiwa njema naye akataka kumrudia mtoto wake, atamtambuaje? Wakubwa wa nyumba wakafanya hivi: walijaza karatasi ya kueleza mtoto alivyokuwa na alivyovaa, na mara nyingi wakabandika juu yake kipande cha nguo. Kipande hicho kilikatwa katika gauni la mtoto, au mama mwenyewe alikitoa katika nguo yake, mkono wa gauni, utepe, au pindo. Mama akikumbuka kitambaa, au akiwa ameshika nusu yake, ndiyo ilikuwa hati yake.

Vipande hivyo vimo hata leo ndani ya vitabu vikubwa vya nyumba ile, zaidi ya elfu tano. Wataalamu wasema hakuna mkusanyo mwingine mkubwa kama huo wa nguo za kila siku za watu wa Uingereza wa karne ile. Nguo za wafalme zimehifadhiwa katika makabati ya vioo. Nguo za maskini zilivaliwa mpaka zikaisha, zikawa matambara, na matambara yakasagwa yakawa karatasi. Zilizobaki ni hizi, nazo zimebaki kwa sababu ya kutengana kwa mama na mtoto.

Mmoja wa watoto hao alipokewa mwezi wa Februari mwaka 1767. Mama yake alimwita Charles, na nyumba ile ikampa jina la Benjamin Twirl. Pamoja naye kilikuja kipande kilichoshonwa kwa viraka vya nguo mbalimbali, na juu yake umetariziwa moyo. Kimekatwa katikati, hata moyo ukawa nusu. Miaka minane ikapita. Mwezi wa Juni mwaka 1775 mama alirudi, jina lake Sarah Bender, akamchukua mwanawe. Nasoma habari hii nikifurahi, lakini sipendi kuwadanganya kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Kati ya mwaka 1741 na 1760 walipokewa watoto 16,282. Waliorudiwa na wazazi wao ni 152 tu. Wengi sana walikufa wangali wadogo. Kwa hiyo vipande vilivyo vingi ni ahadi ambazo hazikuweza kutimizwa. Na wale akina mama, ambao hatujui hata majina yao, je, hawakuacha kumbukumbu?

Nitamtaja mwingine mmoja kwa ufupi. Ujerumani, miaka ya 1890, mshonaji mmoja jina lake Agnes Richter aliwekwa katika nyumba ya wenye wazimu. Alishona koti kwa kitambaa cha hospitali, akalitarizi maneno ndani na nje, mstari juu ya mstari, mengine upande ule unaogusa ngozi. Kwa kuwa alilivaa, maneno mengi yamechakaa na hayasomeki tena. Koti hilo limehifadhiwa Heidelberg. Madaktari waliandika habari zake katika majalada yao. Yeye aliandika zake katika koti, na laiti ningaliweza kuzisoma, ningalianza na hilo koti kabla ya majalada.

Turudi kwetu. Sote twaijua kanga, ile ambayo hapa Uganda twaiita leesu. Chanzo chake ni pwani, Mombasa na Unguja, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Husimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za mkononi zilizouzwa kwa mtindo wa jora, wakazikata sita sita, wakaziunga zikawa nguo moja, na baadaye wafanya biashara wakaanza kuipiga chapa ikiwa nzima. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tuzitumiazo.

Lakini watu hupenda kusimulia habari za methali za kanga wakasahau jambo kubwa zaidi. Kabla ya hapo mtumwa wa kike alijulikana kwa nguo yake. Alivaa merikani, ile pamba nyeupe iliyotoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Mwaka 1897 sheria iliondoa utumwa Unguja na Pemba. Wanawake waliopata uhuru waliacha merikani na kaniki, wakaona afadhali wajinyime vingine wapate kununua kanga yenye rangi. Hawa wengi wao hawakujua kuandika. Hati ya uhuru ilikuwa na karani mahakamani, na ya kwao waliifunga kiunoni na kupita nayo njiani, ili kila mtu aisome. Kama hiyo si kumbukumbu, sijui kumbukumbu ni nini.

Na hayo maneno ya kanga, tusidhani kwamba tukiyasoma tumekwisha kuelewa. Kanga ya namna moja hununuliwa na wanawake maelfu. Neno ni moja, lakini huyu amelinunua kwa ajili ya jirani aliyemsengenya, yule amepewa na mumewe baada ya ugomvi, wa tatu amevishwa na mama yake siku ya harusi. Habari hizo hazimo katika kitambaa, ila katika kichwa cha mwenye nguo. Hapo ndipo naona hatari ilipo. Makaratasi ya babu yaweza kungoja miaka hamsini ndani ya kabati, na atakayeyaokota atayasoma. Nguo ya bibi haingoji. Siku bibi akizikwa, nguo zake hugawiwa, na yule aliyegawiwa anachojua ni kwamba amepata nguo.

Nina shangazi yangu, ssenga kama tusemavyo, aliye na sanduku la bati chini ya kitanda. Shule hakwenda ila miaka miwili. Ukimwuliza jambo fulani lilitokea mwaka gani, hukumbuka nguo kwanza. Gomesi ya rangi ya zambarau ndiyo aliyovaa tarehe 31 Julai 1993, Kabaka Ronald Mutebi alipotawazwa Naggalabi, Buddo. Ile ya manjano ni ya kwanjula ya binti yake mkubwa. Iko moja ya kijani ambayo haivai, wala hapendi kuulizwa habari zake, na sisi wadogo tumejifunza kutouliza. Nilimwomba mwaka jana anipangie nguo zote kwa zamu yake, nami niandike. Ilituchukua siku mbili. Tulipofika mwisho nilikuwa na kurasa kumi na nne, na humo yamo mambo ya ukoo wetu ambayo baba yangu, mwenye barua zake zote katika faili, hakuwa akiyajua: ni nani alimsaidia nani mwaka wa njaa, ni shamba lipi liliuzwa ili lipatikane vazi la arusi, na ni kwa nini mashangazi wawili hawakusemezana miaka saba. Sababu yenyewe ilikuwa mshipi wa gomesi ulioazimwa usirudishwe. Nilicheka, naye akanitazama kwa ukali, maana kwake halikuwa jambo la kucheka.

Tena gomesi yenyewe ni habari ya shule. Jina lake latokana na fundi mmoja Mgoa aliyeitwa Gomes, na husimuliwa kwamba vazi hili lilianza kushonwa kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Leo linavaliwa na bibi zetu kama vazi la wazee. Twajifunza shuleni mwaka wa kujengwa reli, na ni vizuri. Lakini vazi ambalo mama wa kila mmoja wetu hulivaa kwenye sherehe na kwenye msiba, ni wangapi darasani waliowahi kuuliza lilitoka wapi?

Kuna rafiki yangu, naye ni mwanafunzi wa zamani, aliyeniambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, maana siku hizi kila mama ana simu, na picha zote zimo humo. Huenda. Lakini picha huonyesha nguo, haionyeshi bei yake, wala nani aliazima, wala kwa nini ya kijani haivaliwi. Na simu ikianguka majini, habari imekwisha. Pini ya Barbara Johnson imeshika tangu mwaka 1746. Zaidi ya hayo, nguo nyingi za siku hizi ni mitumba, zanunuliwa leo na kutupwa mwakani. Bibi zetu walikuwa na nguo chache, na kila moja ilikuwa na sababu. Kwa hiyo masanduku yaliyoko sasa chini ya vitanda yaweza kuwa ya mwisho ya namna yake.

Naungama kwa wenzangu wa Chama cha Historia kwamba nguo pasipo maneno ni bubu. Sisemi kwamba tuchukue masanduku ya watu tukayaweke shuleni. Mama gani angalikubali? Nasema mwende na daftari na mkasi mdogo. Mwombeni bibi, kwa adabu, na ikiwezekana mwende na dada zenu, maana mengine hatawaambia wavulana. Akikubali, kateni kipande kidogo upande wa ndani wa pindo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Akikataa kukatwa, pigeni picha. Kisha andikeni: ni nguo gani, ilinunuliwa wapi, kwa bei gani, nani alitoa fedha, ilivaliwa kwanza siku gani, na ni nani mwingine aliyewahi kuivaa. Yaandikeni kama anavyoyasema yeye, katika lugha yake, msiyatengeneze. Jina lake lisipochapwa hapatakuwa na ubaya, akipenda lifichwe, lakini katika daftari la chama liwepo, kamili, pamoja na jina la mama yake.

Likizo ya mwezi wa Agosti yakaribia. Madaftari matano nimekwisha kuyanunua, nayo yako ofisini kwa mwalimu msimamizi wa chama. Pini ni za bure.